Kifuniko cha Mtungi wa Saba

Jumanne, tarehe 14 Agosti 2068. Asubuhi ilikuwa na ubaridi. Manyunyu yalianza kabla ya adhana ya alfajiri, yakakatika jua lilipochomoza, na kusi ilikuwa ikivuma kwa upole, kiasi cha kumfanya mtu aongeze kanga ya pili mabegani bila kumzuia kwenda kazini.

Somoe binti Nampoto aliongeza kanga ya pili akashika njia, tasbihi ikitembea vidoleni. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Newala, alikokwenda kumwoza binti yake wa mwisho, na kila kitu kilikwenda kama alivyoomba. Bwana harusi ana adabu, pilau ilitosha hadi kwa waliokuja bila kualikwa, na hakuna aliyegombana ila mashangazi wawili ambao wasipogombana watu hudhani harusi haijaanza. Sasa alikuwa anarudi kwenye kazi anayoipenda. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye cheti cha upimaji alichokisomea jioni jioni akiwa ameshapata wajukuu. Kila alipouvuka mlango wa kituo alimshukuru Mungu, na hakuwa anashukuru kwa mazoea.

Kituo cha Afya ya Maji kilikuwa jengo jeupe ukingoni mwa Ghuba ya Namela, mwendo wa saa moja kusini mwa mji wa Mtwara. Ng'ambo ya maji kilionekana kiwanda: matangi yanayong'aa, mabomba yaliyopishana, na dohani ndefu isiyotoa moshi. Humo gesi iliyotoka chini ya bahari ilivunjwavunjwa, ikaunganishwa upya kuwa mafuta meupe kama maji, yasiyo na harufu wala masizi. Watu waliyaita mang'avu. Yaliendesha boti, malori, pampu za visima na jenereta ya hospitali. Na mang'avu mazito kidogo yalilainisha mashine za kubangulia korosho. Tangu yaje, mashuka yaliyoanikwa kando ya barabara hayakushika weusi, na kliniki ya kifua ilikosa wagonjwa mpaka chumba chake wakapewa wajawazito.

Tena mang'avu yalikuwa na jambo ambalo mafuta ya zamani hayakuwa nalo. Kila tangi lilitiwa chachu, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyolala ndani ya mafuta hadi viguse maji ya chumvi. Vikigusa tu, viliamka na kuanza kula. Mafuta yakimwagika baharini Jumatatu, Alhamisi hayapo. "Yanajila yenyewe," watu walisema, na neno hilo likawa jibu la kila swali. Fundi akiosha injini ya boti majini, yanajila yenyewe. Dumu likipinduka gatini, yanajila yenyewe.

Kazi ya Somoe ilikuwa kuhakikisha kwamba katika kujila huko hakuna kiumbe mwingine anayeliwa pamoja nayo.

Aliingia maabara kwa mguu wa kulia. Kwenye meza ndefu palikuwa na mitungi kumi na miwili ya kioo, kila mmoja na tope la mikokoni, maji ya bahari, na tondo saba, wale konokono wa gamba refu lenye ncha ambao kina mama huwaunga kwa nazi. Juu ya kila gamba palibandikwa punje ndogo nyeusi iliyousikiliza moyo wa tondo na kuutuma kwenye kisikilizio. Mitungi sita ya mwanzo haikuwa na kitu cha ziada. Sita ya mwisho ilitiwa kijiko kimoja kimoja cha mang'avu. Somoe alivaa kisikilizio, akaanza mtungi wa kwanza.

*Tu. Tu. Tu.* Moyo wa tondo una mwendo wa mtu anayetwanga bila haraka. Mtungi wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita.

Mtungi wa saba ulikuwa kimya.

Akagonga kisikilizio kwa kidole. Akahamia wa nane. Kimya. Wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Tondo arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyetwanga.

"Innalillahi," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu, mama wa bi harusi!" Alfonsi Mkwera, mkuu wa kituo, alitokea mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa mtu wa Ndanda, mnene, mcheshi, asiyekosa misa ya Jumapili wala maandazi ya Jumatatu. "Ubwabwa wetu uko wapi? Au mmeumaliza hukohuko Newala?"

"Bwana Alfonsi, tondo hawa wana nini?"

Alfonsi alishusha kikombe. "Ndiyo habari niliyotaka kukuambia kabla hujavua viatu. Kundi hili nililifunga mwenyewe Alhamisi, ulipokuwa kwenye sherehe. Jana zilitimia siku nne. Nikasikiliza, wamekufa. Nadhani nimewaharibu mimi. Labda tope lilikuwa bovu, labda mkono wangu una nuksi. Miaka sita wewe hujapoteza mmoja, mimi kundi langu la kwanza nimeua wote."

"Uliwafanya nini?"

"Nilichofanya ni kilichoandikwa. Tope, maji, kijiko kimoja, kifuniko. Sikuwagusa tena hadi jana."

"Hukuwafungua asubuhi?"

"Kuwafungua? Kitabu kinasema mtungi ufungwe siku nne." Alikunywa chai. "Tupa hao, tuanze upya leo. Jumamosi ni mkutano wa ghuba, kiwanda kinapewa kibali cha miaka kumi, na wanahitaji saini yako. Ukifunga leo, Jumamosi asubuhi tuna jibu. Mungu ametupangia vizuri."

Aliondoka akiimba. Somoe alibaki na mkono juu ya kifuniko cha mtungi wa saba.

Kwa miaka sita, kila asubuhi, kabla ya kusikiliza mioyo, alikuwa akifungua mitungi. Hakuna aliyemfundisha. Siku ya kwanza ya kazi alipoona viumbe wamefungiwa ndani ya kioo, aliingiwa na haya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Akafungua kila mtungi, akasema bismillahi, akasoma Alhamdu moja, akautikisa kidogo ili tope liamke, akaufunga. Hakutia kitu wala hakutoa kitu. Mpishi hufunua chungu akaonja, na hakuna anayesema kwamba hakupika. Alfonsi alimwona siku hiyo akacheka, "Hawa tondo wamepata bahati, wanasomewa." Basi.

Hakutia kitu. Alilirudia hilo neno kichwani. Kisha akakumbuka darasa moja la jioni, mwalimu akiwa amechora kwenye ubao mtungi na mishale midogo inayoingia kwenye mdomo wake, akiuliza, "Nikifungua hapa, nini kinaingia?" Na darasa zima la watu wazima waliochoka na kazi za mchana walijibu kwa pamoja.

Hewa, mwalimu.

* * *

Siku hiyo hiyo ya Jumanne alitupa waliokufa, akawaombea msamaha, akaandaa mitungi sita mipya, yote ikiwa na kijiko cha mang'avu. Mtungi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili angeifungua kila asubuhi kama desturi yake. Wa saba, wa nane na wa tisa asingeigusa. Hakumwambia Alfonsi. Alitaka kwanza aone kwa macho yake.

Jumatano maji yalikupwa mapema, akaenda mikokoni kumtafuta wifi yake.

Mwanashuru, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na umri wa miaka sitini na ulimi wa miaka ishirini. Alikuwa kiongozi wa kina mama wanaookota tondo na kaa, na alikuwa amekaa juu ya mzizi wa mkoko kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha saluni, akiokota bila hata kuinama.

"Mtazameni mwenye cheti!" alisema alipomwona. "Amekuja kukagua mboga. Wifi, ukitaka tondo uje na ndoo, mimi simpi mtu anayekula mshahara."

"Nimekuja kukuamkia, wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Uongo huo. Hujavua viatu, hujaja kuniamkia." Lakini alicheka, akasogea akampa nafasi juu ya mzizi. "Haya, binti yetu ameingia kwake salama?"

"Salama kabisa. Mashangazi waligombana."

"Alhamdulillahi. Basi ndoa itadumu."

Somoe alitazama pande zote. Mikoko ilikuwa kijani, imeshiba. Na juu ya mizizi yake, hadi kimo cha bega la mtu, tondo walikuwa wamejibandika kwa mamia, gamba juu ya gamba.

"Wamekuwa wengi," alisema.

"Wengi? Neema, wifi! Zamani ulikuwa unainama mpaka kiuno kinalia, unawachokoa topeni mmoja mmoja. Mwaka wa tatu huu wanapanda wenyewe. Sisi tunasema wamekuwa wacha Mungu, wanapanda minara. Unakaa, unachuma kama mapera. Mwajuma wa kule Kitongo ameezeka bati kwa tondo hawa."

"Na chini, topeni?"

"Chini kuna nini tena? Hatushuki. Tope la siku hizi halikanyagiki, linanuka."

Somoe alivua viatu. Alishuka taratibu, tope likampokea hadi magotini. Juu lilikuwa na rangi ya kahawia kama siku zote. Akachimba kwa kiganja, na chini ya unene wa kidole likawa jeusi kama masizi ya sufuria, na harufu ya yai viza ikapanda ikamjaa puani. Aliendelea kuchimba. Enzi za utoto wake, kiganja kimoja cha tope hili kilitoka na minyoo, vikaa, na tondo wadogo kama punje za mchele. Alipekua viganja kumi. Hakupata hata kimoja kinachotembea.

Sasa alielewa bila mwalimu. Chachu ilikuwa inakula mafuta kama ilivyoahidiwa. Lakini anayekula huvuta pumzi, na tope halina dirisha. Kila kikombe kilichomwagwa kwa raha gatini kililiwa humu chini, na vijidudu vilivuta hewa yote hadi tone la mwisho. Mafuta hayakuwa sumu. Karamu yake ndiyo iliyokuwa sumu. Na hawa tondo juu ya mizizi hawakuwa neema. Walikuwa watu waliotoka nje ya nyumba inayofuka moshi.

"Wifi," Mwanashuru aliita kutoka juu, sauti yake imebadilika. "Mbona unalia na matope?"

"Tondo wadogo mara ya mwisho umewaona lini? Wale wa ukubwa wa punje?"

Safari hii Mwanashuru hakutania. Aliangalia kapu lake, akaligeuza geuza kwa mkono. Wote walikuwa wakubwa, wazee wa miaka mitano, sita.

"Sijui," alisema. Na kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa neno zito.

* * *

Alhamisi, mioyo ya mitungi mitatu iliyofungwa ilianza kupungua mwendo. Ijumaa asubuhi, mtungi wa saba, uliokuwa na mapigo thelathini kwa dakika, ulikuwa na kumi na mawili.

Somoe alikwisha kufungua wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Alhamdu tatu, mtikiso mdogo, na mioyo humo ilikuwa inatwanga kama harusi ya Newala. Kisha akakaa mbele ya wa saba na kisikilizio masikioni.

*Tu.* Kimya kirefu. *Tu.*

Hili hakulitarajia. Alidhani ugumu utakuwa wa kusema mbele ya watu. Kumbe ugumu ulikuwa hapa: mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko. Nusu ya mzunguko tu, na viumbe saba wangepona. Aliyajua mapigo yao sasa. Mmoja alikuwa na mwendo wa kusitasita, alimwita Kigugumizi. Na si mitungi tu. Akifungua huu, Jumamosi yote sita itakuwa hai, ataweka saini kwa mkono safi, kiwanda kitaendelea, kina mama watachuma wakiwa wamekaa, na yeye atabaki na cheti chake ukutani. Huruma ya mkono wake ingemfurahisha kila mtu.

Ndiyo iliyowafurahisha kwa miaka sita.

Aliuondoa mkono juu ya kifuniko, akaukalia, kama mtoto aliyeambiwa aache kuchezea. "Ya Rabbi," alisema, "uliniumba na huruma, na sikushtaki kwa hilo. Lakini leo nipe nguvu ya kuwasikiliza mpaka mwisho."

Alfonsi alimkuta hivyo. Alivuta kiti. Somoe alimpa kisikilizio bila maneno, kwanza kwenye wa kumi na mbili, kisha kwenye wa saba, halafu akamweleza yote kuanzia bismillahi ya siku ya kwanza hadi tope jeusi la Jumatano. Alimaliza akisubiri apigiwe kelele.

Alfonsi alivua kisikilizio, akakiweka mezani. "Nilikuona," alisema. "Siku ya kwanza nilikuona ukifungua. Nikajisemea, huyu mama na dua zake, ni adabu tu. Mimi ndiye mkuu, mimi ndiye niliyesoma chuo, na nilicheka. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako."

"Tufanyeje?"

Alijifuta uso kwa leso. "Ipo njia rahisi. Nakwambia ili usiseme sikuijua. Kesho unasaini. Mwezi ujao tunaandika kwamba tumeboresha vipimo, tunaleta matokeo mapya, kiwanda kinarekebisha kimyakimya. Hakuna anayeaibika."

"Na mwezi huo mmoja?"

"Mwezi mmoja si mwingi."

"Bwana Alfonsi, wewe ukiungama kwa padri, unasema nusu, nusu nyingine unaiacha mwezi ujao?"

Alimtazama, na taratibu kicheko kilianza tumboni kwake kikapanda. "Unanifuata mpaka kanisani kwangu! Haya. Haya, mama. Kesho nitakaa upande wako. Lakini Injinia Penina wa kiwanda atatumeza wazima."

* * *

Jumamosi jua lilitoka mapema na upepo ulitulia. Saa moja asubuhi Somoe alisikiliza mtungi wa saba, wa nane na wa tisa. Kimya mara tatu. Alikaa dakika moja, akamkumbuka Kigugumizi. Kisha akafunga mitungi yote sita kwenye kreti ya mbao, akasali rakaa mbili, akashangaa kwamba anasikia njaa. Alikula viazi vitatu vya kuchemsha. Moyo ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekwisha kupanda gari na hawezi kushuka tena.

Mkutano ulifanyika baada ya adhuhuri kwenye banda la mnada wa samaki, lililofagiliwa na kupambwa kwa makuti. Watu walijaa: mafundi wa boti, wabangua korosho, kina mama wa mikokoni na makapu yao, wafanyakazi wa kiwanda waliovaa fulana nyeupe. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Chitanda, alitoa salamu za pande zote za dini. Injinia Penina Mwaluko, mkuu wa usafi wa kiwanda, mwanamke mrefu mwenye sauti tulivu, alieleza miaka sita ya mang'avu, na watu walimpigia makofi ya kweli, kwa kuwa yote aliyoyasema kuhusu moshi na vifua yalikuwa kweli. Kisha kibali kikawekwa mezani, na kalamu juu yake.

"Mama Somoe, mpimaji wetu," alisema mwenyekiti. "Njoo utumalizie kazi twende tukale."

Somoe alikwenda mbele na kreti. Aliitoa mitungi, akaipanga juu ya kibali.

"Sisaini," alisema.

 Nyuma, mtu mmoja aliyekwisha kupakua wali alisimamisha kijiko hewani.

Akawaambia. Hakutumia maneno ya kitabu. Aliwaambia kwamba kwa miaka sita alikuwa akifungua mitungi kila asubuhi kwa nia njema, na kila alipofungua aliwapa tondo hewa ambayo topeni hawana. Kwamba vyeti sita vyenye jina lake vilisema kweli kuhusu mitungi yake na uongo kuhusu ghuba yao. Akafungua wa kumi na mbili, tondo wakatembeza pembe zao kwenye mwanga. Akafungua wa saba, na harufu ya yai viza ikaenda safu kwa safu, watu wakaziba pua kwa kanga.

"Haya ndiyo mafuta yale yale?" aliuliza fundi mmoja.

"Yale yale. Kijiko kile kile. Tofauti ni mkono wangu."

Injinia Penina alikuja mbele, akachukua mtungi wa saba, akaunusa bila kukunja uso. "Chachu imekula mafuta yote humu," alisema. "Imefanya kazi yake."

"Imefanya, Injinia. Ikamaliza na pumzi ya wenye nyumba."

"Unajua unachoniomba? Nikiitoa chachu, tone likimwagika litabaki linaelea wiki na wiki. Litawashika ndege, litawashika samaki. Huko ndiko tulikotoka."

"Najua. Sikuombi ulete mafuta yanayoelea. Nataka yasimwagike." Somoe aliwageukia watu. "Ndugu zangu, mang'avu hayakujimwaga. Tumeyamwaga sisi, kwa kuwa tuliambiana yanajila yenyewe. Mimi pia nimesema hivyo, na kopo la mang'avu mkononi."

Manung'uniko yalianza upande wa mafundi. Mmoja alisimama: "Kwa hiyo injini tuoshee wapi, kitandani kwa mke?"

"Kwa mke wako hapana, atakufukuza na harufu yako," ilijibu sauti ya Mwanashuru, na banda likalipuka kwa vicheko. Alisimama, kapu mkononi, akangoja wanyamaze. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyekuwa nasema tondo wanapanda minara. Nimekula neema hiyo miaka mitatu. Jumatano wifi yangu aliniuliza mara ya mwisho kuona tondo mdogo ni lini. Tangu siku hiyo tumetafuta, mimi na kina mama kumi na tisa, kuanzia gatini hadi mlango wa mto." Alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na tondo mmoja, ukubwa wa punje ya mtama. "Huyu. Kwenye mlango wa mto, boti zisikofika. Mmoja. Sasa anayetaka kuosha injini majini, aje aoshee hapa kiganjani mwangu, mbele ya huyu mtoto."

Hakuna aliyekwenda.

Mazungumzo yalichukua hadi alasiri, watu wakasimamisha ili wasali, wakarudi. Yalikuwa na kelele, na mara mbili mwenyekiti aligonga meza kwa kandambili yake. Lakini yalikwenda mbele. Injinia Penina alikubali kibali cha miezi mitatu badala ya miaka kumi, na kwa muda huo kiwanda kitajenga sakafu ya zege yenye shimo la kukingia, ambako injini zote zitaoshewa na mafuta machafu yatarudi tangini. Mafundi walikubali kwa sharti la paa, maana jua ni kali. Alfonsi alisimama akaeleza kosa lake la kuona na kucheka, akasema ataliandika kwa mkono wake kwenda makao makuu, na kama watataka cheti cha mtu basi waanze na chake. Injinia, kabla ya kukaa, alimwendea Somoe akamnong'oneza, "Ungeniambia Jumanne, nisingejiandalia hotuba nzuri hivi." Alikuwa anatabasamu, kidogo.

Likabaki jambo moja, na ni yule fundi wa injini aliyelisema, bila ubaya. "Nani atapima sasa? Huyu mama ametuambia mwenyewe kwamba miaka sita alikosea. Tutajuaje kwamba moyo wake hautamshinda tena?"

Watu walimwangalia Somoe. Swali lilikuwa la haki, naye hakulichukia. Alifikiria mtungi wa saba siku ya Ijumaa, na mkono wake alioukalia. Akavua kandambili, akasimama pekupeku kwenye sakafu iliyooshwa, akauinua mtungi mtupu aliokuja nao kama akiba, kifuniko katika mkono wa pili. Mwanashuru alikuja akasimama kulia kwake na tondo mdogo kiganjani. Alfonsi akasimama kushoto.

"Mimi, Somoe binti Nampoto," alisema, na sauti yake ilifika hadi kwa waliokaa nje kwenye makuti, "mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia, naahidi. Kila mtungi nitakaoufunga, bismillahi nitaisoma wakati wa kuufunga. Baada ya hapo sitagusa kifuniko chake mpaka siku nne zitimie, hata nikisikia nini ndani yake. Na nitakachokikuta, kiwe cha kutufurahisha au cha kutuhuzunisha, nitakuja kuwaambia ninyi kwanza, hapa hapa, kwa sauti hii hii."